Somo la Wageni, Nyuma ya Maduka

Yule Memsabu aliletwa shuleni kwetu na uvivu. Sitasema aliletwa na mapenzi ya elimu, maana nilifanya naye kazi muhula mzima na sikuyaona. Mumewe alikuwa meneja wa shamba moja la chai nje kidogo ya Kericho. Yeye alikuwa ameshapanda maua na konokono wakayala, ameshamfundisha mpishi wake kuoka keki na mpishi akamshinda, na mvua ya kwetu, ambayo huanza kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa, ilikuwa imemfungia ndani mpaka akachoka kujitazama. Ndipo alipokumbuka kwamba kabla ya kuolewa, kwao Ulaya, aliwahi kufundisha watoto kidogo. Basi akaja kutufundisha sisi.

Wakati huo, katika miaka ya thelathini, mimi nilikuwa mwalimu msaidizi. Nilikuwa kijana wa upande wa ziwa. Baba yangu alikuwa mmoja wa wale walioletwa kufyeka msitu ili chai ipandwe, na mimi nikakulia katika laini za wafanyakazi, vile vibanda vya safu moja vinavyofanana kama meno. Wanafunzi wangu wengi walikuwa Wakipsigis, na usidhani walikuwa watoto. Wengi walikuwa na ndevu, na wawili walikuwa na wake nyumbani wanaowasubiri kukamua ng'ombe. Walikuja shule wakiwa wakubwa kwa sababu shule yenyewe ilichelewa kuwafikia.

Mwalimu mkuu alikuwa Mzungu mwembamba aliyeogopa vitu viwili duniani: kifua chake na wake za mameneja. Madawati yetu yalitoka kwenye karakana ya shamba la chai, na kuni za jikoni pia. Kwa hiyo Memsabu alipotaka darasa, akapewa langu.

"Utamsaidia," mwalimu mkuu akaniambia, huku akikohoa ndani ya leso. "Utakuwa mdomo wake."

Nilitaka kumwambia kwamba mdomo anao, tena mkubwa, lakini niliinama kama tulivyofundishwa kuinama.

Siku ya kwanza aliingia na kofia yenye wavu wa kuzuia nyuki, ingawa darasani hapakuwa na nyuki. Nyuma yake alikuja mpishi wake amebeba kiti cha kukunja. Memsabu alikikalia, akawatazama wanafunzi wangu kwa tabasamu la mtu anayenunua mbwa, kisha akatangaza kwa Kiswahili chake cha jikoni:

"Historia hapana kaa kwa kitabu. Historia nakaa kwa miguu. Sisi natembea, sisi nauliza watu: wewe nakuja lini? Sababu gani nakuja?"

Akaeleza kwamba somo letu litakuwa juu ya wageni waliohamia mji wa Kericho: nani alitoka wapi, alifuata nini, na mji ulijengwaje na watu wa namna nyingi. Siwezi kukataa kwamba wazo lenyewe lilikuwa zuri. Jambo lililoniudhi, na linaniudhi hata leo, ni kwamba wazo zuri lilidondoka katika kichwa kama kile.

Alichora mji ubaoni. Katikati aliweka klabu ya Wazungu na uwanja wake. Kando akaweka maduka ya Wahindi, na nyuma ya maduka hayo duara dogo la mtaa tuliouita Nyuma ya Maduka, ambako waliishi Wanubi, watu wa ziwani, Wakikuyu wauza viazi, na yeyote mwingine ambaye mji ulihitaji mikono yake lakini haukupenda kumwona usoni. Kisha akachora mishale. Wahindi mshale kutoka baharini. Wanubi mshale kutoka Sudan. Wajaluo mshale kutoka ziwani. Wakikuyu mshale kutoka Mlimani. Ubao ukajaa mishale kama ngozi ya nungu.

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa mrefu kuliko wote, yule ambaye malisho ya baba yake yalikuwa yamekuwa chai, alinyoosha mkono.

"Memsabu, mshale wenu uko wapi?"

Hilo alilielewa bila mimi. Akacheka kidogo, akafuta chaki vidoleni.

"Sisi hapana wageni. Sisi ni masetla."

Yule mrefu akageuka akasema neno kwa Kikipsigis, na darasa zima likatazama chini kwa pamoja. Kikipsigis changu kilitosha. Alikuwa amesema, "Setla ni mgeni aliyekataa kuaga."

"Nasema nini?" Memsabu akaniuliza.

"Anasema ameelewa," nikamjibu.

Akafurahi. Akawageukia Wakipsigis wote, ambao aliwaita watu wa Lumbwa kama serikali ilivyowaita, akasema wao ndio wenyeji, kwa hiyo wakifika mjini wawakaribishe wageni kwa heshima. Yule mrefu akanyoosha mkono tena.

"Tuwakaribishe wapi? Jua likitua askari wanatufukuza mjini sisi."

Hili sikumtafsiria. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati na yeye alikuwa anatafuta wavu wake.

Wiki iliyofuata tulitoka asubuhi kabla ya mvua. Tulitelemka kutoka shuleni kwa mstari, wanaume wenye ndevu waliovaa kaptura, mbele yao mwanamke mwenye wavu usoni, nyuma mpishi na kiti. Watu walisimama barabarani kututazama. Wengine walidhani tumekamatwa.

Kituo cha kwanza kilikuwa duka la Mhindi mmoja mzee aliyeuza vitambaa, chumvi na mafuta ya taa. Alipomwona Memsabu alitoka mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki ndani. Aliwagawia wanafunzi peremende, akaikunja mikono kifuani, akasema kwamba alivuka bahari kwa ajili ya kumtumikia Mfalme wa Uingereza.

"Nzuri sana!" Memsabu akasema. "Nyinyi nasikia? Kwa Mfalme!"

Lakini alipoingia kwa ndani kushika vitambaa, yule mzee aliwageukia wanafunzi, akawaambia kwa Kiswahili safi kuliko changu kwamba alikimbia njaa na shemeji. Alisema miaka ya kwanza alilala juu ya kaunta kwa hofu ya nyoka, na kwamba hajawahi kupata joto tangu afike kwenye baridi hii ya laana. Wanafunzi wakamwuliza mbona ametoa hadithi mbili.

"Ile ya kwanza ni ya mteja," akasema. "Hii ni yenu. Nyinyi hamnunui kitu."

Nilimdharau, lakini kidogo, kwa kipimo cha mtu ninayemwelewa. Memsabu alitoka na kitambaa chenye maua makubwa, akasema tumejifunza mengi.

Tukazunguka nyuma. Mtaa wenyewe ulikuwa nyumba za udongo zilizobanana, nyingine zimeezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na katikati ulipita mfereji uliotelemka hadi kijito. Ulinuka moshi, samaki, ngozi na sabuni. Mimi niliupenda mtaa ule. Pale ungeweza kusikia mtu anagombana kwa lugha nne na kupatanishwa kwa ya tano. Memsabu aliweka leso puani, kisha, akiona namtazama, akajifanya anapenga kamasi.

Fundi cherehani wa pale alikuwa Mnubi mwenye mvi, askari wa zamani. Alikuwa na mashine yake barazani na kuku wakitembea chini ya miguu yake. Alisimama wima kwa heshima kama yuko gwaride.

"Wewe nakuja toka Sudan lini?" Memsabu akamwuliza.

"Sijaiona Sudan, Memsabu. Nimezaliwa njiani."

"Njia gani?"

"Njia yenu. Baba alikuwa anawapigania nyinyi, mama anamfuata na sufuria. Wakipiga kambi, watoto wanazaliwa. Mimi nilizaliwa kambini, na mdogo wangu kambi iliyofuata."

"Na hapa? Nani nasema wewe jenga hapa?"

Fundi alitoka barazani, akaonyesha kwa mkono. "Bwana Disi wa zamani, yule mkuu wa wilaya aliyekuwa na mguu mbovu. Alisimama pale penye jiwe, akanyoosha fimbo, akasema: wewe umetumikia vizuri, jenga pale na watu wako. Nikajenga."

Memsabu alipenda sana hiyo fimbo. Alimfanya arudie mara mbili. Alimwuliza kama kuku wanalala ndani, fundi akasema ndiyo, kwa sababu ya mwizi na kicheche. Nikaona uso wa Memsabu unalainika kwa huruma, na moyo wangu ukashtuka bila kujua kwa nini. Nimewaona watu wengi wakidhuriwa na hasira. Sikuwa nimejua bado huruma inaweza kufanya nini.

Mlango wa tatu alikaa mama mmoja wa kwetu ziwani, mjane mnene mwenye sauti ya kuita mashua. Alikaanga samaki na kupika uji kwa vibarua. Mumewe alikufa kwa homa ya mapafu katika shamba la chai na yeye akabaki. Alinijua tangu utotoni, kwa hiyo alinisalimu kwanza mimi kabla ya Mzungu, jambo ambalo halikufanyika siku hizo.

"Nyathina, mwanangu, huyu umemtoa wapi?"

"Ni mwalimu, mama. Ana maswali."

Memsabu akauliza kwa nini hakurudi kwao mumewe alipokufa. Safari hii alisema Kiingereza, maana alitaka swali lifike likiwa zima, nami nikalifikisha kwa Kijaluo. Mama aligeuza samaki kwanza.

"Mwulize yeye. Mume wake akifa, atarudi kwao?"

Nilimtafsiria kwa Kiswahili, neno kwa neno. Sijui kwa nini siku ile sikulificha. Memsabu hakukasirika hata kidogo.

"Bila shaka nitarudi," akasema. "Tuna nyumba kule. Nani atakaa hapa?"

Nikamrudishia mama. Alitingisha kichwa polepole.

"Basi mgeni ni huyo. Mimi kaburi la mume wangu liko hapa mlimani, linaota nyasi."

Memsabu alitaka kujua amesema nini. Nikasema amemtakia safari njema. Akamshukuru, akamshika mkono wenye mafuta, kisha akaupangusa mkono wake kwenye sketi. Wanafunzi wote waliona.

Tukarudi shuleni na mvua. Kwa siku kadhaa zilizofuata wanafunzi walitengeneza mji kwa udongo wa mfinyanzi juu ya meza kubwa. Hapo ndipo Memsabu alipofanya kazi kweli, nakiri. Alikunja mikono, akachafuka hadi kiwiko, akawafundisha kupima barabara kwa kamba. Nyuma ya Maduka waliijenga kwa ustadi kuliko sehemu nyingine yoyote. Waliezeka nyumba kwa vipande vya kopo, wakaweka hata cherehani ya udongo barazani. Klabu waliipa boksi la kiberiti. Yule mrefu alisema klabu haihitaji zaidi, kwa kuwa hakuna aliyeingia akaona ndani.

Huenda mambo yangeishia kwenye ile meza kama Memsabu asingekuwa na marafiki. Nilipata habari kutoka kwa mpishi wake, Mluhya mmoja mtulivu aliyekuja kuniona Jumapili baada ya kanisa.

"Mwalimu, jana nilikuwa napeleka supu," akaniambia. "Bwana Disi mpya alikuwepo, na bwana afya, na mameneja. Memsabu akawasimulia safari yenu. Akasimulia vizuri, mpaka machozi. Kuku wanalala na watoto. Samaki, nzi, moshi. Yule mama mjane. Akasema, maskini, maskini wale watu."

"Wakasema nini?"

"Mmoja akauliza ule mfereji unaenda wapi. Memsabu akasema unaenda kijitoni. Yule akauliza, kile kijito kinachopita klabu? Basi wakaacha supu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtaa ulikuwa pale miaka na miaka, na mfereji ulikuwa unatiririka kuelekea huko huko, na hakuna bwana aliyewahi kuumwa tumbo. Lakini sasa walikuwa wameambiwa, tena mezani. Bwana afya alikwenda kutazama akiwa na viatu virefu, na baada ya hapo akaja askari akipiga debe barazani kwa kila mmoja: nyumba zote Nyuma ya Maduka zibomolewe, ni chafu, watu watapewa mahali pengine chini kule, ng'ambo ya machinjio. Fundi Mnubi alivaa koti lake la jeshi, akaenda ofisini kueleza habari ya fimbo. Karani akamwuliza karatasi iko wapi. Akasema hakupewa karatasi, alionyeshwa kwa fimbo. Karani, mtu wa huku huku kwetu aliyefunga tai mpaka macho yakamtoka, alimcheka. Katika hadithi hii yote, huyo karani ndiye ninayemdharau bila hata chembe ya kumwelewa.

Siku mbili baadaye Memsabu aliingia darasani uso unang'aa.

"Nyinyi nafanya kazi mzuri sana!" akatuambia. "Watu nasikia somo yetu. Sasa wale maskini napata mahali safi."

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonishinda, na nimelifikiria miaka mingi. Mwongo ungeweza kumwogopa au kumheshimu. Yeye aliamini kila neno. Kisha akaenda kwenye meza ya udongo, akasema lazima tuwe na mji wa kweli, mji wa sasa, akazing'oa zile nyumba ndogo za kopo moja moja kwa kidole, kama mtu anayemenya maharage. Akazipanga ukingoni mwa meza. Cherehani ya udongo ilivunjika mkononi mwake.

"Pole," akasema, akimwambia yule mrefu. "Nyinyi natengeneza ingine."

Yule mrefu akaniangalia mimi. Darasa zima likaniangalia mimi. Nikachukua vipande vya ile cherehani, nikavitia mfukoni.

La kuwafundisha nililijua asubuhi ya kubomoa. Niliwapanga wanafunzi kwa mstari kama ile siku ya kwanza, nikamwambia mwalimu mkuu tunakwenda kumalizia somo la Memsabu. Kusikia jina hilo akatikisa mkono twende.

Tulikuta wafungwa wa jela wameletwa na mashoka. Walikuwa wanabomoa bila chuki, kwa kuchoka, na wenye nyumba walikuwa wanajaribu kuokoa milango na madebe kabla ya ukuta kuanguka. Sikutoa hotuba yoyote. Nilivua koti, nikashika mwisho mmoja wa mlango wa mama mjane. Wanafunzi wakaelewa. Mmoja alibeba mabati, mwingine magunia ya viazi ya Mkikuyu, mwingine kuku sita wakining'inia miguu juu, wakilalamika. Yule mrefu alijitwika cherehani ya fundi kichwani, akawa anatembea shingo imenyooka kama mama anayetoka mtoni, ingawa huko kwao mwanaume kubeba mzigo kichwani ni aibu. Mkipsigis mzee aliyekuwa akipita na ng'ombe alisimama akamwuliza kama hana wake.

"Ninao," akasema. "Leo niko shule."

Tulikuwa safari ya pili tuliposikia gari. Memsabu alishuka na ule wavu wake. Aliona wafungwa, aliona mama mjane ameketi juu ya sufuria lake lililopinduliwa, ameshika chungu cha mafuta mapajani kama mtoto. Sijui alikuwa ametazamia nini. Labda alidhani nyumba huhama zenyewe.

"Mwalimu! Nini hii? Sababu gani wanafunzi hapana darasani?"

Nilitua mzigo wangu. Kwa mara ya kwanza nilimjibu kwa Kiingereza, ili neno lifike likiwa zima.

"Hili ni somo, Memsabu. Wewe uliwafundisha watu walivyokuja. Mimi nawafundisha wanavyoondolewa."

Akawa mwekundu, kisha mweupe. Akasema hakupanga hivyo. Akasema aliambiwa kuna nyumba mpya. Nikamwambia kuna kinamasi, na kwamba akitaka anaweza kuja nasi kwa miguu, kwa kuwa historia inakaa miguuni. Hakuja. Alirudi garini, akachukua blanketi moja la manyoya lililokuwa kiti cha nyuma, akampelekea fundi Mnubi kwa mikono miwili. Fundi alilipokea, akasimama wima, akamshukuru.

Gari lilipoondoka nilimfokea fundi, mtu wa umri wa baba yangu.

"Mzee, unamshukuru? Huyu ndiye aliyewavunjia!"

Alikunja blanketi taratibu, akaliweka juu ya mizigo yake.

"Mwalimu, huko tunakokwenda kuna baridi. Baridi haiulizi blanketi limetoka kwa nani. Kamata upande ule, tubebe."

Nikakamata. Hasira yangu haikumpa mtu yeyote joto siku ile, lakini sikuiacha.

Mwalimu mkuu aliniita kesho yake. Alikuwa anakohoa sana. Akasema nimemwaibisha mke wa mtu aliyetupa madawati. Nikamwuliza kama madawati yanataka yarudishwe, maana wanafunzi wangu sasa walikuwa na uzoefu wa kubeba. Hakucheka. Kabla ya muhula kwisha nilipewa uhamisho hadi Chebunyo, shule ya nyasi huko chini kwenye joto, ambako wanafunzi walikuja na ng'ombe wao na kuwafunga nje. Walidhani ni adhabu. Nilikaa huko miaka mingi, nikaoa huko, na maziwa yalikuwa mengi.

Watu huniuliza kama najuta kwamba mimi ndiye niliyemwongoza Memsabu mpaka mtaani. Sijuti. Mtaa ule haukuwa siri. Kila aliyevaa suruali iliyoshonwa vizuri Kericho aliujua. Siwezi kubeba mzigo wa mtu mwingine halafu nijisifu kwa uzito wake.

Pale palipobomolewa hapakujengwa kitu kwa muda mrefu. Paliota magugu na mbaazi za watu, zilizoendelea kuzaa bila mwenyewe. Baadaye yule Mhindi mzee akapewa ruhusa ya kuweka ghala. Kijito kiliendelea kupita klabu, na kwa kuwa machinjio yalikuwa kando yake, sidhani kiliwahi kuwa safi. Memsabu alikwenda Ulaya kwa likizo, akarudi, akaanza kufuga sungura. Shuleni hakukanyaga tena.

Mama mjane hakwenda kinamasini hata siku moja. Alilaza mizigo yake kanisani, kisha akahamia laini za shamba lilelile alilofia mumewe, akaendelea kukaanga samaki, na nyapara aliyejaribu kumfukuza alifokewa na vibarua mpaka akaacha. Alikufa huko, akazikwa karibu na mumewe.

Yule mwanafunzi mrefu alikuja kuwa mkalimani wa baraza la wazee, na nasikia alikuwa anatafsiri maneno ya mabwana kwa uaminifu mkubwa, pamoja na makosa yao yote, sauti yao na kikohozi chao, mpaka wazee wakawa wanakuja hata siku wasiyo na kesi.

Fundi Mnubi alikaa kule chini mvua mbili. Maji yaliingia, mtoto wa bintiye akaumwa, akaamua kuondoka bila kuambiwa na mtu. Nilimkuta kwenye soko la Silibwet, nilipokuwa natoka Chebunyo kufuata chaki. Alikuwa na kibaraza mbele ya duka la Mkikuyu, na foleni ya watu waliotaka kaptura za sikukuu. Alikuwa amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Alinitambua kwa sauti, akanishika bega, akasema suruali yangu ni aibu kwa kazi ya ualimu.

"Nani alikushonea hii?"

"Fundi wa Chebunyo."

"Huyo si fundi, huyo ni mwizi wa kitambaa. Kaa hapo."

Nikakaa juu ya gunia. Aliwaacha wateja wakinung'unika, akanipima kiuno na miguu, akaniuliza kama nimepata watoto. Nikamwambia wawili, wa tatu yuko njiani. Akasema wa tatu akiwa wa kiume nisimpe elimu nyingi, asije akawa karani. Mke wake akaleta chai ya tangawizi katika vikombe vya bati, tukanywa tukizungumzia bei ya mahindi na watu waliokufa, mpaka mawingu yakaja na kila mtu akakimbilia barazani kwake.